Mkono wa Mama Zawadi

Zawadi alishuka kutoka juu ya magunia ya chumvi, kwenye kamyo, lori la mfanyabiashara mmoja wa Butembo anayepita hapa Hombo kila wiki akielekea Walikale, na mimi sikumtambua. Nilikuwa kwenye duka langu, kama kibanda cha mbao kinaweza kuitwa duka, napima maharagi ya mbegu kwa kikombe. Mwanamke mnene mwenye vumbi mpaka kwenye kope akasimama mbele yangu akaniita Vumi. Hakuna mtu hapa anayeniita Vumi. Hapa naitwa Mama Agronomi, kwa heshima kidogo na kwa kunitania zaidi, kwa sababu nauza mbegu na majembe, na kila anayenunua kikombe kimoja namwongezea mashauri ambayo hakuyaomba. Nikamtazama mwanya wa meno ya mbele, nikaacha kikombe. Tulikumbatiana katikati ya barabara hata dereva akapiga honi. Kisha, kabla hajanywa maji, akaniambia mama yake amekufa. Mama Zawadi wa Nyamitaba amefia kambini, kambi ya wakimbizi wa vita, chini ya turubai, Zawadi amemzika, na sasa anakwenda kwa wakwe zake Walikale kwa kuwa nyumbani hakuna tena pa kurudi. Daraja la mbele lilikuwa limevunjika na kamyo ingengoja siku tatu. Nikamwambia nyumba yangu ni nyumba yake, nikasema haraka haraka. Kuna neno nililopaswa kumwambia yule mama tangu nilipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Kila mwaka nilijiambia nitapanda mlimani kwenda kumwambia, na kila mwaka nilipata sababu ya kutokwenda.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Waniwie radhi, mimi nimeitembea njia hiyo miaka zaidi ya thelathini na sijaona mwisho wake. Basi nitauandika mwaka ule jinsi ulivyokuwa. Ya kwetu nitayaacha, watu wa kwetu hawana kosa katika hili. Itoshe kwamba nilimaliza masomo kwenye shule ya kilimo na nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja wa staji, mafunzo ya kazi kwa mkulima, na mwisho wake ripoti, na baada ya ripoti diploma. Walinituma Nyamitaba kwa Papa Bauma, baba yake Zawadi, kwa sababu alikuwa na ng'ombe wanane na sifa ya kutopigia watu kelele. Nilifika mwezi wa tatu na mvua, sanduku kichwani na daftari zangu zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Daftari zilifika kavu. Mimi nilifika nimelowa mpaka mifupa, nikapewa kikombe cha maziwa ya moto na shuka la Mama Zawadi.

Nyumba ile naijua kuliko hii ninayolala leo. Ilikuwa ya mbao, na vyumba vinne. Cha kwanza kilikuwa cha fromaji, yaani jibini, zile duara za njano za kwetu Masisi, zimepangwa juu ya ubao mrefu, na kila asubuhi Mama Zawadi alizigeuza moja moja na kuzipaka maji ya chumvi kwa kiganja. Chumba chetu mimi na Zawadi kilikuwa nyuma ya hicho, kwa hiyo nguo zetu na nywele zetu zilinuka fromaji mwaka mzima, na vijana kanisani walituita masista wa maziwa. Jiko lilikuwa nje kidogo, paa la majani, mafiga matatu, na benchi ambalo mguu wake mmoja ulikuwa jiwe. Tulikula pale jikoni, viazi na maharagi, siku za Jumapili bugali na sombe ya majani ya muhogo, na kila mara kipande cha fromaji kilichopasuka kisichoweza kuuzwa. Kati ya chumba chetu na chumba cha wazazi palikuwa na ubao mmoja tu wenye nyufa, ukitaka usitake unasikia. Papa Bauma alikuwa mtu wa maneno machache, lakini asubuhi akivaa viatu alimweleza mke wake mambo yote ya siku, na mimi nikiwa nimelala macho wazi niliyapata kabla ya ng'ombe.

Na Mama Zawadi alikuwa na mkono. Msomaji asiyetoka huko lazima nimweleze, kwa sababu hapo ndipo yote yaliposimama. Kwetu mlimani shamba halifunguliwi na mtu yeyote tu. Wako wanaojulikana kwamba mbegu wakiitia wao inaota, na wako ambao hata wakipanda ndani ya mbolea hakitoki kitu. Msimu ukianza, mwenye shamba anakwenda mapema kumwomba yule mwenye mkono aje kutia mistari ya kwanza, na hamlipi, anamkaribisha chakula tu na kumwita Mama mbele ya watoto. Mama Zawadi aliitwa na kilima kizima, mpaka na watu wa Bihambwe waliokuwa na ndugu pale. Hakuwa na kingine. Hakuwa mrembo, hakujua kusoma, mtoto alipata mmoja na wakwe zake walimhesabia huyo mmoja kila siku ya Mungu. Lakini mwezi wa tisa na mwezi wa pili ukifika alifunga kitambaa chake kizuri, akatoka na jembe begani, na wanawake wakampisha njia. Nilimwona siku hizo. Alitembea polepole makusudi.

Wiki niliyofika, Papa Bauma alikuwa na shida moja kubwa. Malisho ya juu, alikochungia tangu ujana wake, yalikuwa yamezungushiwa waya na tajiri mmoja aliyekaa Goma na hakuwahi kuonekana. Ng'ombe wanane hawakuwa na mahali pa kusimama. Yeye akaniuliza mimi, msichana, mbele ya mke wake na mtoto wake, shule inasemaje. Laiti angeniuliza siku nyingine, labda ningejibu sijui. Lakini nilikuwa nimekula viazi vyake na nilitaka kuvilipa kwa elimu. Nikamwambia lile shamba tambarare mbele ya nyumba, walazwe ng'ombe pale mvua yote, walishwe majani ya kukatwa barabarani, watie mbolea, na mwezi wa tisa tupande matete, yale majani marefu ambayo ukiyakata yanaota tena, ili wakati wa jua ng'ombe wale zizini bila kumtafuta tajiri wala waya wake. Kulaza ng'ombe shambani ni desturi ya wote pale. Lakini wao wanalaza wakati wa jua, wiki mbili, halafu wanahamisha. Mimi nikaona kama wiki mbili za jua ni nzuri, miezi mitatu ya mvua itakuwa nzuri zaidi. Hesabu ya mtoto wa shule. Mama Zawadi alisema jambo moja tu, kwamba shamba lile ni la maharagi yake, atapanda wapi? Papa Bauma akamwambia maharagi yatapata kona nyingine. Mama Zawadi akaenda kung'oa vijiti vya maharagi yake.

Ng'ombe waliingia, na mvua ikaingia nao. Ng'ombe mmoja ana uzito wa kamyo ndogo na anausimamisha wote juu ya kwato nne. Wiki ya kwanza walikanyaga majani, ya pili wakakanyaga udongo, mwezi wa tano pale palikuwa uji wa kahawia uliowafika kwenye magoti, na sisi tulikuwa tunapita juu ya mbao kwenda chooni. Nilifurahi. Nilisimama mlangoni nikahesabu mavi. Mwezi wa sita jua likatoka, ng'ombe wakahamishiwa bondeni, na ule uji ukakauka ukawa kitu ambacho leo naweza kukiita kwa jina lake, udongo ulioshindiliwa. Papa Bauma alipita juu yake kwa viatu na ukalia chini ya soli. Zawadi alikuwa anatwanga mahindi uani na mchi ulipomponyoka ukaangukia shambani ukaruka juu. Tulicheka sana siku ile.

Mwezi wa tisa tulipanda. Papa Bauma alileta mashina ya matete kutoka kwa ndugu yake, Mama Zawadi akayakata vipande kwa panga, kila kipande macho matatu, kazi safi, mimi mwenyewe nilivikagua. Jembe lilipogonga shamba likarudi. Alipiga mara ya pili kwa nguvu, likachubua tu juu, akanitazama. Nikamwambia matete hayana kiburi, yanaota hata kwenye jiwe, achimbe kashimo kadogo kwa ncha ya jembe, apachike kipande, akikanyage, inatosha. Neno langu hilo nimelisikia masikioni maisha yangu yote. Alipanda siku tatu, karibu shamba zima, mgongo umepinda, anapachika na kukanyaga, akiimba nyimbo za kanisa. Mimi siku hizo nilikuwa kitandani na malaria. Nilipoamka vipande vilikuwa vimebaki vichache, na palibaki mstari mmoja usiopandwa, ule wa pembeni kabisa, unaofuata uzio pande zote. Nikaupanda mimi, asubuhi moja, nikiwa bado natetemeka. Pale kando ya uzio jembe liliingia mpaka kwenye mpini. Sikujiuliza kwa nini. Ng'ombe hawasimami juu ya miiba ya uzio, mtu yeyote mwenye akili angejua.

Kufika mwezi wa kumi na moja hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mstari wangu ulinifika kifuani, kijani mpaka karibu mweusi, unapigwa na upepo kila upande wa shamba. Ndani ya duara hilo matete ya Mama Zawadi yalikuwa vijiti vya njano, kimo cha goti, na baada ya kila mvua maji yalikaa juu pamoja nayo siku nzima hayajui pa kwenda. Watu waliokwenda sokoni walisimama barabarani kutazama. Papa Bauma alisimama pia, mikono nyuma. Na asubuhi moja nikasikia nyuma ya ubao akivaa viatu, akimweleza mke wake kwamba ameyafikiria sana maneno ya watu. Shamba ni moja, akasema, mbolea ni moja, mvua ni moja, mashina ni ya muntu mumoja. Kilichobadilika ni mikono miwili. Halafu nikasikia sauti ya Mama Zawadi, ndogo, akimuuliza mume wake kama kweli anaamini hivyo. Papa Bauma akachukua fimbo yake akaenda kwa ng'ombe.

Jumapili iliyofuata nikasema nina homa. Walipokwenda wote misa, nikachukua jembe la Mama Zawadi, lenyewe kabisa, nikaingia katikati ya shamba nikachimbua shina moja. Ilinichukua muda na jasho. Mizizi ilikuwa imeshuka urefu wa kiganja, kisha imegeuka yote upande mmoja ikalala bapa juu ya ule udongo mgumu, kama miguu ya mtu mrefu aliyelazwa kwenye kitanda kifupi. Chini yake palikuwa pakavu, ingawa mvua ilinyesha jana yake. Nikaenda kwenye uzio, nikachimbua shina langu, mizizi ikashuka moja kwa moja nisione mwisho. Nilikaa chini kwenye matope. Na nikakumbuka kwamba ninayo picha hii. Ninayo kwenye daftari! Mwalimu aliichora ubaoni, mzizi unaoshuka na mzizi unaogeuka, sisi tukanakili, mimi nikaupaka udongo rangi ya kahawia kwa penseli na kupewa alama nzuri kwa usafi. Nilikwenda chumbani nikaifungua. Ilikuwa pale, imepakwa rangi vizuri, na maneno chini yake kwa mwandiko wangu: usiingize mifugo shambani wakati udongo umelowa.

Mvua ilikuwa bado na wiki tano au sita. Hilo ndilo linalonichoma, si makosa yenyewe, kila mtu anakosea. Siku ile ile ningeweza kuwangoja mlangoni, nikasema jamani ni mimi, kosa ni langu na ng'ombe niliowaweka, tuchukue majembe sote, tuitishe na majirani, tuvunje huu udongo mpaka chini na kupanda upya kabla mvua haijaondoka. Tungepata hata nusu. Nilipanga maneno. Nilisikia sauti zao zikipanda njia, Mama Zawadi anakohoa, na wanawake wawili wakiwa nao. Mmoja wao, Mama Neema, jirani wa chini, akaniona nimesimama mlangoni akaniambia mbele ya wote, njo uyu, njo mutoto iko na mukono, tazama matete yake, yaani ndiye mimi mwenye mkono. Na mimi nikatabasamu. Nilikuwa nimetembea maisha yangu yote bila kusifiwa na mtu mzima. Jembe nilikuwa nimelirudisha na kulifuta, na mashimo nimeyafukia vizuri.

Mwezi wa kwanza jua likaja na shamba likafa. Vijiti vya njano vikawa vyeupe, ukivigusa vinavunjika. Mstari wangu uliendelea kuwa kijani, tukaukata, ng'ombe wanane wakaumaliza kwa siku nne. Papa Bauma akaanza kuwatembeza mbali, wakirudi mbavu nje, na maziwa yakapungua mpaka ubao wa fromaji ukabaki mtupu na harufu yake tu. Wawili walikufa, mmoja akiwa ameanguka pale pale juu ya shamba. Wengine aliwapeleka sokoni mmoja baada ya mwingine, na alipobaki na mmoja akaacha kuvaa viatu asubuhi, akawa anakaa. Hakumpiga mke wake, hakumtukana. Alifanya kitu kimoja. Mbegu za maharagi za msimu uliofuata, zilizokuwa zinatunzwa na Mama Zawadi kwenye chungu chini ya kitanda, alizitoa akamkabidhi Zawadi mbele yangu, akasema mwaka huu atapanda mtoto. Mama Zawadi alikuwa anachambua mboga. Aliendelea kuchambua mpaka mboga zikaisha, kisha akabaki anachambua vijiti.

Na mwezi wa pili, wakati ambao kilima kizima kilikuwa kikimwendea yeye, Mama Neema akaja jikoni kwetu. Tulikuwa watatu pale, mimi, Zawadi na mama yake, tunamenya viazi. Akasalimu, akakaa kwenye lile benchi, akaongea habari za mvua na za mguu wake. Kisha akageuka upande wangu na kuniomba, kama inavyoombwa, nikamfungulie shamba lake kesho. Hakumtazama mwenye jiko. Nadhani aliona haya, lakini maharagi ni maharagi, na alikuwa na watoto saba. Mimi nikamtazama Mama Zawadi. Nilikuwa na neno hapa, kwenye koo, Mungu ni shahidi yangu, lilikuwa limekwisha fika kwenye ulimi. Akanitangulia.

"Enda, mutoto," aliniambia. "Mukono ni ya Mungu. Anapana, anakamata tena."

Nikaenda. Nilipewa kitambaa nifunge, nikatia mistari ya kwanza, wakaniita Mama, mimi mtoto wa miaka kumi na tisa. Maharagi ya Mama Neema yaliota vizuri mno, kwa sababu udongo wake ulikuwa laini na hakuna ng'ombe aliyewahi kukanyaga pale, na hata mtoto mchanga angeyatia yangeota. Baada ya yake nilifungua mashamba mengine manne. Wiki zile Mama Zawadi alikuwa anatoka nyumbani kabla ya jua kwenda kutafuta kuni mbali, asikutane na wanawake njiani. Zawadi aliniambia kitandani kwamba mama yake amemuuliza kama mkono unaweza kuoshwa, na nani wa kuuosha. Nikamwambia Zawadi sijui. Jibu gani hilo, lakini ndilo nililompa.

Ripoti niliiandika wiki ya mwisho, kwenye benchi lile lile, Mama Zawadi akiniletea maji ya kunywa na kuwafukuza kuku wasinisumbue, maana karatasi za shule aliziogopa kama vitu vya kanisani. Nilichora shamba, nikapima mistari, nikaeleza mbolea. Kwenye sehemu ya matokeo ilibidi niseme kwa nini katikati palikufa. Kalamu ilisimama. Ningeandika ukweli, mwalimu angejua kwamba nimefanya kile hasa alichotukataza ubaoni, na diploma ingebaki kwake. Nikaandika kwamba vipandikizi vya katikati vilichaguliwa na kupandwa vibaya na mke wa mkulima. Nilisoma tena, nikarekebisha nukta, nikakunja. Nilipata alama za juu katika kundi letu. Siku ya kuondoka Mama Zawadi alinisindikiza mpaka barabarani, amebeba sanduku langu kichwani mwake, na mkononi fromaji ndogo, ya kwanza kutoka kwa yule ng'ombe mmoja aliyebaki. Akaniomba nimwombee.

Baadaye mtu anajifunza kuishi. Nilifanya kazi, nikaolewa, nikawa mjane, vita vikanisukuma kutoka huku kwenda kule kama vilivyosukuma kila mtu, nikaishia Hombo hapa, mpakani mwa majimbo mawili, na kila anayekuja kununua jembe namwambia usiingize ng'ombe kwenye shamba lililolowa. Wananicheka, ni ng'ombe gani, Mama Agronomi, huku msituni tuna mbuzi watatu. Nawaambia hata mbuzi. Nilidhani nikilisema kwa watu mia litapungua. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekua, amezeeka pamoja nami.

Siku ya pili ya Zawadi hapa, mchana, tulikuwa tumemaliza kula. Nilikuwa nimempikia sombe kwa mawese na samaki wa kukausha, akala vizuri, akalegeza kitambaa. Akaanza kunihadithia kambi. Alinihadithia bila kulia, maana aliyeishi kule hana machozi ya kupoteza. Akasema walipewa mbegu za lengalenga, mchicha wa kwetu, na za vitunguu, kila familia, na kipande kidogo kando ya hema, watoto wapate mboga. Wanawake wote wakapanda siku hiyo hiyo. Mama yake akachukua zake, akampa mtoto wa jirani wa miaka sita amtilie yeye ardhini.

"Nikamuambia, mama, panda mwenyewe, ni lengalenga tu," Zawadi akasema. "Akakatala. Anasema mukono yake iko mubaya, isiharibie batu chakula, na batu bamekwisha kupoteza byote. Alikuwa anakaa mbali, haguse hata maji ya kumwangilia. Mupaka alikufa."

Nikamwambia. Sikupanga maneno kama Jumapili ile, yalitoka yenyewe, vibaya, ng'ombe kabla ya mvua, mizizi kabla ya ng'ombe. Nikamwambia kuhusu jembe lao nililolifuta, kuhusu picha kwenye daftari, kuhusu mstari wa uzio, kuhusu ripoti na neno nililoliandika juu ya mama yake huku akinifukuzia kuku. Zawadi alikuwa ameshika sahani, akaiweka chini mahali pake, akaisogeza kidogo.

"Ulikuwa unajua," akasema.

Nikasema nilijua. Tangu mwezi wa kumi na moja mwaka ule.

Nilingoja anipige. Ningemshukuru. Au achukue mfuko wake atoke, lakini kamyo ilikuwa bado imekwama na hapa hamjui mtu mwingine ila mimi, na hilo nalo nililijua nilipokuwa nasema, kwamba hata hasira yake itabidi ilale kwenye nyumba yangu. Nikamwambia nitapanda naye mlimani. Niko tayari kusimama mbele ya watu wote wa kilima, kwenye kumaliza kilio cha mama yake, niseme kwa mdomo wangu kwamba ule mkono haukuwa na kosa, popote walipo nitawafuata. Nililia nikisema hivyo. Nilikuwa na hakika kwamba hiki angalau ninaweza.

Zawadi akaanza kuwahesabu kwa vidole, waliokuwa wamesema na waliokuwa wamesikia habari ya ule mkono. Baba yake alikufa zamani. Mama Neema alifia njiani wakikimbia, na wale watoto saba, wanne anajua walikozikwa na watatu hajui waliko. Katekista wa kanisa letu aliondoka kabla ya wote, hakuna habari zake. Mama wa shamba la pili nililolifungua, na wa la tatu, aliwazika mwenyewe kambini mwezi mmoja kabla ya mama yake. Alifika kwa mwanamke mmoja wa Bihambwe, akafikiri, akakumbuka kwamba naye pia. Akashusha mkono.

"Haiko tena muntu wa kuambia, Vumi," akasema. "Ungesema wakati tulikuwa bengi."